Hita ya tangi la samaki: ikiharibika, itabaki imewaka au imezimika?

Julai mwaka juzi, saa kumi na moja alfajiri, niliamshwa na simu ya mteja wangu mmoja wa Njiro, hapa Arusha. Hakusalimia. "Fundi, maji yana moto kama ya kumwogeshea mtoto." Nilipofika, kipimajoto kilisoma 37. Wale mbuna wake wa Ziwa Nyasa, wa njano na wa bluu, walikuwa wanaelea ubavu, wote. Hita yenyewe bado ilikuwa inawaka, kitaa chake chekundu kimetulia kabisa.

Hita ile haikununuliwa ikiwa mbovu. Ilifanya kazi miezi minane bila neno. Tatizo ni kwamba ilikuwa ya wati 300, na tangi ni la lita 80. Aliyemuuzia alimwambia achukue kubwa, inapasha haraka. Kweli ilipasha haraka.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue hita gani, namuuliza kwanza: siku ikiharibika, itabaki imewaka au imezimika? Hita zote huharibika, ya bei rahisi na ya bei mbaya. Ikifa imezimika, maji yanapoa polepole na una usiku mzima wa kugundua. Ikifa huku imewaka, unaamkia supu.

Ukiipasua hita ya kawaida ya kioo, ndani utakuta waya wa kupasha umezungushwa kwenye kauri, na juu yake swichi ndogo yenye kibati cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Metali hizo hazitanuki sawasawa, kwa hiyo maji yakipata joto kibati kinajipinda na kukata umeme, yakipoa kinarudi. Kila kinapogusa na kuachia, cheche hutoka. Cheche hizo, mara nyingi kwa siku, miezi nenda miezi rudi, zinakula ncha za swichi mpaka siku moja zinayeyuka kidogo na kugandana. Hapo hakuna tena cha kuizima isipokuwa wewe kuchomoa plagi.

Sasa piga hesabu kidogo, maana hapa ndipo hita huchaguliwa, si kwenye picha ya boksi. Kupandisha lita moja ya maji kwa digrii moja kunahitaji jouli 4,186. Lita 80 ni kama jouli 335,000. Hita ya wati 300 inatoa jouli 300 kila sekunde, hivyo inapandisha tangi lile digrii moja kwa dakika 19 hivi. Kutoka 25 hadi 37 ni saa nne, ongeza kidogo kwa joto linalopotea kwenye kioo. Swichi ikiganda saa sita usiku, saa kumi na moja kazi imekwisha. Ungekuwa na hita ya wati 75 mahali pale pale, na swichi yake igande vilevile, kila digrii ingechukua zaidi ya saa moja, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo tangi linavyopoteza joto zaidi chumbani. Kwenye chumba chenye digrii 17, tangi la ukubwa ule lingekwama kwenye 30 hivi. Samaki wangehema kwa shida, kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo, lakini wangekuwa hai mpaka mwenye nyumba aamke.

Kwa hiyo hita sahihi ni ile inayotosha kwa shida usiku wa baridi kuliko yote. Utajuaje? Vitabu vinasema wati moja kwa lita, na si kanuni mbaya, lakini haijui nyumba yako ina madirisha ya vioo vya kupangua yanayopitisha upepo, wala haijui kama uko Moshi mjini au Njombe. Mimi hupima. Chagua jioni ya baridi, hita ikiwa imeshafikisha maji kwenye 25. Ichomoe, subiri saa mbili, soma kipimajoto. Tuseme maji yameshuka digrii moja, yaani nusu digrii kwa saa. Zidisha lita za tangi kwa digrii zilizoshuka kwa saa, kisha zidisha kwa 1.16. Hapa ni 80 mara 0.5 mara 1.16, jibu wati 46. Hicho ndicho kiasi tangi linachovuja kwenye ubaridi huo. Alfajiri kutakuwa na baridi zaidi, ongeza kama nusu yake, unafika kwenye 70, unanunua 75. Kushuka digrii moja kwa saa mbili hakuwadhuru samaki wazima. Kama hita huna bado, azima kwa rafiki kwa usiku mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo boksi halisemi: umeme mdogo. Wati zilizoandikwa ni za umeme kamili, volti 220 au 230. Huko pembezoni mwa mji, saa mbili usiku kila mtu akiwa amewasha jiko na pasi, umeme unaweza kushuka mpaka taa zinafifia. Ukifika volti 180, hita ya wati 100 inatoa wati 61 tu, kwa sababu nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoua hita zinazoletwa kwenye begi na ndugu kutoka Marekani. Kule ni volti 120. Ukiichomeka hapa kwetu inajaribu kutoa wati karibu mara nne ya zilizoandikwa. Haimalizi dakika nyingi.

Kwa tangi linalozidi lita 100 hivi, sinunui hita moja. Nanunua mbili ndogo zinazogawana mzigo, moja kila upande. Moja ikigandia kwenye kuwaka, haina nguvu ya kupika tangi zima peke yake. Moja ikizimika, nyingine inazuia maji yasishuke sana. Nikiwa na shilingi za hita moja ya fahari, bado nitanunua mbili za kawaida.

Kuhusu aina, sitasema mengi. Za kioo zenye swichi ya metali mbili ni za bei nafuu, na kwa wengi zinatosha. Za kidijitali zinaonyesha namba nzuri, lakini namba hiyo mara nyingi ni joto la pale pale ilipo hita, usiiamini bila kipimajoto cha pembeni. Za metali ya titani hazipasuki, na ukifuga samaki wakubwa wanaopigapiga mikia hilo si jambo dogo. Jina kubwa nalo lisikupe kiburi. Mwaka 2011 huko Marekani, hita za Marineland Stealth zaidi ya milioni moja ziliitwa zirudishwe kwa hatari ya kushika moto na kupasua matangi, na zile zilikuwa zinajulikana na kuaminika.

Kinga ninayoipenda zaidi inauzwa kwa watu wa kuku. Ile kontrola ndogo ya joto ya kwenye mashine za kutotolea vifaranga, yenye waya wa kihisio na namba nyekundu, inafanya kazi ile ile kwenye tangi. Fundi umeme akufungie kwenye boksi la plastiki lililo mbali na maji, hita ichomekwe humo. Kontrola unaiweka ikate kwenye 25, hita yenyewe unaiweka kwenye 27. Siku zote kontrola ndiyo inawasha na kuzima, na swichi ya ndani ya hita inakaa bila kuchoka. Kontrola ikigandia, maji yakifika 27 hita inajikata yenyewe. Zote mbili kuharibika usiku mmoja ni bahati mbaya ambayo sijaiona. Ila kihisio kibandike vizuri: kikidondoka nje ya maji, kitapima baridi ya sebule na hita itawashwa bila kikomo, na hapo utashukuru ile 27.

Ukishainunua, usiitie kwa samaki siku hiyo hiyo. Jaza ndoo ya lita 20, izamishe mpaka alama ya maji, iache siku nzima na kipimajoto pembeni. Zungusha kitufe chini ya joto la maji. Kitaa kisipozimika, irudishe dukani. Ukiona ukungu au matone ndani ya kioo, usiichomeke tena kamwe. Na namba za kwenye kitufe huwa zinadanganya kwa digrii moja au mbili, hata za kampuni nzuri, ndiyo maana EHEIM Jäger ina pete ya kurekebishia. Nyingine zisizo na pete, andika tu kwa kalamu ya maka: "24 ni 26".

Halafu plagi. Hita nyingi zinakuja na pini mbili nyembamba, na najua sote tumeshachokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili ziingie. Kwa chaja ya simu, haya. Kwa kitu kinachowaka mfululizo kikiwa ndani ya maji, nunua adapta nzito au kata plagi ufunge ya pini tatu. Waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linaloteleza lidondoke sakafuni na siyo kwenye umeme. Siku ya kubadilisha maji, chomoa hita kwanza, kunywa chai yako robo saa, ndipo upunguze maji. Kioo chenye moto kikibaki hewani kisha kikapigwa na maji baridi ya bomba, kinapasuka papo hapo, na mkono wako umo ndani ya tangi.

Wa Dar na Tanga mnaosoma haya, wengi wenu hamhitaji kitu, isipokuwa tangi liko ofisini ambako kiyoyozi hakizimwi. Hali kadhalika mwenye goldifishi: huyo ni samaki wa maji baridi, mwache apumue. Lakini gapi, beta na hao samaki wetu wa Nyasa na Tanganyika wamezoea 24 hadi 27. Wakishuka chini ya 20 siku mbili tatu, tarajia madoa meupe mwilini kama chumvi. Nachekeshwa kila mara na samaki wa Kigoma anayehitaji hita akihamia Arusha, nchi ile ile.

Umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi, pande zote na juu, acha upenyo wa hewa. Usimimine maji ya birika. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, ikielea, inasaidia zaidi na haiui mtu. Gharama ya umeme nayo isikutishe: wati 75 zikiwaka nusu ya siku hazifiki hata yuniti moja ya Luku.

Yule wa Njiro alikaa miezi mitatu na tangi tupu, kisha akanipigia, safari hii akasalimia. Tumemfungia mbili za wati 50 na kontrola ya vifaranga. Ile ya wati 300 niliondoka nayo siku ile ile. Iko kwenye rafu ya karakana, waya nimeukata karibu kabisa na kichwa, asije mtu akaiona nzima akaichukua.