Vampaya mwenye roho maana yake nini, na kwanini hatia ya Angel haiishi

Ukiwa mtu wa sirizi za vampaya huyu jamaa unamjua: mnyonya damu ambae hataki kuua, anakaa gizani kajiinamia, anaokoa watu alafu hataki kushukuriwa. Wanamuita vampaya mwenye roho, na wengi wanachukulia kwamba ni vampaya aliekuwa mbaya akageuka mwema, basi. Hapana, dhana yenyewe ina makali zaidi. Ni mtu alierudishiwa dhamiri wakati maovu yameshafanyika, akabaki na kumbukumbu ya kila kitu, na mwili wake haufi kwahiyo hata kuzeeka akasahau hawezi.

Angel hakuwa wa kwanza. Barnabas Collins wa Dark Shadows alianza kuonekana kwenye TV za Marekani tangu 1967, na miaka ya 90 Forever Knight ilikuwa na vampaya polisi huko Toronto anaejaribu kulipa madeni yake kwa kukamata wauaji. Ila Angel, alieigizwa na David Boreanaz, kwanza kwenye Buffy the Vampire Slayer (sirizi ya binti Buffy anaewinda vampaya) alafu kwenye sirizi yake mwenyewe kuanzia 1999 mpaka 2004, ndie alieipa hii dhana kanuni zake, na utamu wote uko kwenye hizo kanuni.

Kwa kifupi: alizaliwa Liam, kijana wa Galway, Ireland, mlevi, kazi hataki, baba yake keshamkatia tamaa. Mwaka 1753 vampaya wa kike aitwae Darla akamgeuza vampaya, akajiita Angelus, akaanza kuua nyumbani kwao kabisa, alafu akaizunguka Ulaya karibu miaka 150 anatesa watu kwa starehe zake. 1898 akaua binti wa Kiromani (wale wengine wanawaita majipsi). Ukoo wa yule binti haukumuua, ulimrudishia roho. Hapa ndo wengi wanapitiwa, wanadhani roho ni zawadi au wokovu, kumbe ni adhabu, walitaka akumbuke kila sura na imuume. Ndo maana laana ina kile kipengele chake maarufu, kwamba akionja furaha kamili hata dakika moja roho inamtoka, manake aliwekewa ili ateseke na mtu mwenye raha hateseki. (Kipengele cha ajabu ukikifikiria, kwasababu anaeumia roho ikitoka ni wengine. Roho ilivomtoka 1998 alimvunja shingo Jenny Calendar, mtu wa ukoo uleule uliomlaani.)

Sasa tuje kwenye utambulisho, yani huyu jamaa ni nani hasa. Kanuni ya ile dunia yao inasema hivi: ukigeuzwa vampaya roho inaondoka, shetani anaingia, anachukua mwili, kumbukumbu na tabia zako. Kwa kanuni hiyo Angel ana utetezi mzuri tu, sio mimi ni shetani. Angelus ni mwingine, Angel ni mwingine, ana hata jina tofauti. Tatizo ni kwamba sirizi yenyewe haimuachii apumue na huo utetezi. Kwenye episodi ya The Prodigal Darla anamwambia wazi kwamba walivyokuwa zamani ndo kunakotengeneza walivyokuja kuwa, na ukiangalia ukatili wa Angelus unaona kabisa hasira ya Liam kwa baba yake imo mule, shetani hakuja na ajenda mpya, alikuta mafuta akawasha kiberiti. Na kuna ile hoja ya mwanafalsafa John Locke ya mwaka 1694, kwamba kinachomfanya mtu awe yuleyule jana na leo ni kumbukumbu, sio mwili wala hata roho. Ukimpeleka Angel kwenye hoja hiyo amekwisha, anakumbuka yote, tena kwa ndani, anakumbuka na raha aliyoipata. Kwenye Amends, ile episodi ya Buffy ya Disemba 1998, anapanda kilimani kusubiri jua limchome na anamwambia Buffy kwamba anaepaswa kuuawa sio shetani aliemo ndani yake, ni yule mtu, kwasababu siku zote amekuwa dhaifu. Mtu anaedai alikuwa ni mwingine haongei hivo.

Ila bado mtazamaji anaweza kumtetea. Unaweza kukaa hapo na kusema aah, anajionea tu, roho hakuwa nayo. Na hapo ndo inapokuja episodi ambayo mimi naona ndo imefunga huu mjadala, sizoni ya pili episodi ya pili ya sirizi ya Angel, Are You Now or Have You Ever Been, iliyoandikwa na Tim Minear na kurushwa Oktoba 3, 2000. Tarehe za ndani ya hadithi ndo za kuangalia sana: ni 1952. Roho anayo tangu 1898. Yani kwa mara ya kwanza tunaoneshwa dhambi yake kubwa ambayo hana shetani wa kumsingizia.

Yuko Los Angeles, hoteli inaitwa Hyperion, chumba 217, hana rafiki, hasalimii mtu, anakunywa damu yake ya chupa. Chumba cha jirani mtu anajipiga risasi, yeye hatoki. Meneja anaogopa polisi anauficha mwili kwenye chumba cha barafu cha kuhifadhia nyama, na taratibu wageni wanaanza kushukiana, kila mtu anamuona mwenzie muuaji. Hawajui kwamba ndani ya hoteli kuna pepo, aina yake inaitwa Thesulac, chakula chake ni wasiwasi wa watu, anawanong'oneza mpaka wanaiva alafu anawala. Jina la episodi limetoka kwenye lile swali la kamati ya bunge la Marekani enzi za kuwinda wakomunisti, je wewe ni mwanachama sasa au umewahi kuwa? Swali la namna hiyo halina jibu la kukuokoa, maana ulivyokuwa zamani kunahesabika sawa na ulivyo leo. Muulize hivo Angel uone.

Alafu kuna Judy. Binti anaejificha hapo na hela alizoiba benki. Alikuwa mfanyakazi mzuri tu, wakagundua mama yake ni mweusi, wakamfukuza, na mchumba akamuacha. Alikuwa akiishi kama mzungu, sasa weupe hawamtaki na weusi haoni kama ni kwao. Angel kwake damu ni damu tu, na ukikumbuka anaesema ni nani hiyo sentensi ina uzito wa aina yake. Wote wawili wako katikati, wote wanaficha walichonacho kwenye damu. Angel anaanza kumsaidia, anamfichia hela, anaenda kutafuta namna ya kumuua yule pepo. Yani kidogo tu awe shujaa, miaka karibu 50 kabla hajawa.

Anaporudi kundi la wageni limeshambana Judy, nae kwa uoga anamnyooshea Angel kidole, ni huyu, kachekini chumbani kwake ana damu. Wanamvamia, wanampiga, wanamfunga kamba shingoni wanamnyonga palepale ukumbini hotelini. Vampaya hafi kwa kunyongwa. Wenyewe wakishazinduka kwa walichofanya wanatawanyika, anajifungua kamba, pepo anamtokea, anamcheka kwa kujaribu kusaidia watu, anamwambia hapa kuna karamu. Angel anajibu maneno machache tu: wachukue wote. Anatoka nje, anaondoka.

Niliiangalia ile sehemu nikarudisha nyuma, sio kwamba sikuelewa, ni ile kwamba unakubaliana nae. Wamemnyonga! Ungefanyaje? Lakini ndo hivo, aliiachia pepo hoteli nzima kwa kuondoka tu, bila meno, bila Angelus, roho iko mahali pake inafanya kazi. Kwahiyo roho kwenye hii sirizi haikufanyi mwema, inakupa uwezo wa kujua, kuchagua bado ni juu yako. Na hatia ya Angel ukiangalia vizuri ni mbili: ya Angelus ambayo ni kubwa kwa idadi ila ina mjadala, na hii ya 1952 ndogo ambayo haina mjadala hata kidogo.

Episodi inaenda na nyakati mbili, na kwenye upande wa 2000 Angel anarudi hotelini na wenzake wanamuita pepo na kumuua, alafu anamkuta Judy, mzee sasa, bado yuko chumbani, pepo kamfanya chakula miaka yote hiyo. Na cha ajabu anaeomba msamaha ni Judy. Angel anamsamehe palepale bila kumhubiria. Yeye mwenyewe haombi na hapewi, jambo ambalo waandishi wangeweza kulitia kirahisi tu wakaacha, na walifanya vizuri.

Watu hupenda kumlinganisha na Spike, vampaya mwingine wa sirizi hizo, ambae 2002 alienda mwenyewe kuitafuta roho akapambana mpaka akarudishiwa. Kuna wanaosema Spike ni bora kwasababu alichagua. Sawa, ila ndo dhana mbili tofauti, Spike alitaka kubadilika, Angel alihukumiwa, na anachofanya baada ya hukumu ndo uchaguzi wake. Mpaka episodi ya mwisho, Mei 2004, kuna utabiri unaoahidi vampaya mwenye roho siku moja atakuwa binadamu, na Angel anasaini karatasi ya kuukana, bado anaenda vitani vilevile.

Kama hujawahi kuiangalia usianzie hiyo ya hotelini, utaona jamaa kanuna tu. Angalia Becoming za kwenye Buffy zote mbili, Amends, The Prodigal, ndo uje 1952.