Kuachilia kinyongo kwa daftari: siku nne za dakika ishirini, na pale zinapokwama

Mtu aliyedhulumiwa huambiwa "yaliyopita si ndwele", na methali hukatwa hapo hapo. Nusu ya pili, "tugange yajayo", haisemwi, ingawa ndiyo yenye kazi ndani yake. Kuganga ni kutibu, na tiba ina vifaa, vipimo na muda wake. Anayepewa nusu ya kwanza peke yake ameambiwa anyamaze tu.

Kuachilia pia si kuacha. Mkono ulioshika kamba ya mbuzi ukiiachilia, kamba bado ipo na mbuzi bado yupo. Kilichobadilika ni mkono.

Nitatumia mfano mmoja wa kutungwa, ingawa wengi watadhani nimewachungulia dirishani. Dada anafanya kazi Muscat. Kwa miezi 36 anamtumia kaka yake aliye Tanga shilingi 500,000 kila mwezi amjengee nyumba. Jumla milioni 18. Anarudi likizo anakuta msingi, kozi tatu za tofali na majani yaliyomfika kiunoni. Picha alizokuwa akitumiwa WhatsApp zilikuwa za nyumba ya mtu mwingine. Sasa ni mwaka wa pili hajazungumza na kaka yake, lakini kichwani anazungumza naye kila siku akiosha vyombo, na kila siku anamshinda kwa hoja.

Tiba ninayoieleza hapa ni kuandika kwenye daftari. Kabla ya kugusa kalamu, dada atenganishe deni na kinyongo. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao vitano vya dakika 90, unaojulikana kwa kifupi kama PM+, ambao ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake, wengi wao waliopitia ukatili, ukawapunguzia dhiki. Vikao vinaendeshwa na wahudumu wa jamii wasio madaktari. Hatua mojawapo ni kuyagawa matatizo mafungu matatu: yanayotatulika, yasiyotatulika na yasiyo na uzito. Dada akifanya hivyo, pesa iliyopotea na jina lililo kwenye hati ya kiwanja vinaangukia fungu la kwanza, na dawa yake ni fundi wa kukadiria thamani ya msingi (tuseme milioni 5, hivyo deni linabaki milioni 13), wazee wa ukoo, baraza la ardhi au mahakama. Kwamba kaka aliyemlea alimdanganya miaka mitatu linaangukia la pili, maana hakuna hukumu itakayolifuta. Maneno ya shangazi kwamba "pesa za Uarabuni hazina baraka" yaende la tatu. Daftari ni kwa fungu la pili tu. Watu wengi hushindwa kusamehe kwa sababu wanadhani wakiachilia hasira wamefuta na deni. Unaweza kumdai mtu milioni 13 bila kumchukia, tena utamdai kwa utulivu na kumbukumbu zilizonyooka.

Kwa nini usijilazimishe kusahau

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi huko Texas wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wabonyeze kengele. Kengele zililia. Kisha wakaruhusiwa kumfikiria, na waliokuwa wamezuiwa wakamfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Ili kuhakikisha humfikirii dubu, lazima sehemu ya akili ikae mlangoni ikichungulia kama yupo. Kufuta namba ya kaka, kujitoa kwenye kundi la familia na kukataza jina lake lisitajwe ni kuweka mlinzi mlangoni wa kumngoja.

Kinyume chake nacho hakifai. Kusimulia kisa kilekile kwa hasira ileile kwa kila anayepiga simu si kutoa dukuduku, ni kulichochea. Baina ya kuzima na kuchochea ipo njia ya tatu: kukitazama kisa kwa muda uliopimwa, kila safari ukiwa umesimama mahali pengine.

Daftari lenyewe

Mwaka 1986 watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zake walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Tafiti nyingi zimefuata. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliojumlisha tafiti 146 ulikuta faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaouza uandishi kama muujiza. Ni kifaa cha bei ya daftari, na kina masharti.

Chukua daftari la kawaida, kalamu na kitu cha kupimia muda kisicho simu. Tafuta dakika 20 za kuandika na nyingine 15 za kukaa bure baadaye, kwa sababu siku ya kwanza na ya pili utainuka umechafukwa zaidi kuliko ulivyokaa. Hilo ni kawaida na huwa linatulia. Kwa hiyo usiandike ukikaribia kulala wala dakika kumi kabla ya kuingia kazini. Usijali tahajia. Ukiishiwa maneno, andika tena sentensi ya mwisho mpaka nyingine ije. Juu ya ukurasa wa kwanza weka namba kutoka 0 hadi 10: nikimkumbuka sasa, moto ni kiasi gani? Tuseme dada anaweka 8.

Mpangilio wa siku nne ninaoutoa hapa ni wangu, niliouunga kutokana na vipande ambavyo kila kimoja kilipimwa peke yake.

Siku ya kwanza andika kwa "mimi", tukio na hisia pamoja. Usiwe na huruma na mtu yeyote, hata kama ni mkubwa wako. Wanaoanza kwa kusamehe siku hii huandika barua nzuri ya uongo.

Siku ya pili andika kisa kilekile kana kwamba kilimpata mtu mwingine. Wanasaikolojia Ethan Kross na Özlem Ayduk wamechunguza jambo hili tangu miaka ya 2000: anayejitazama kwa mbali anapojiuliza sababu za maumivu yake huchemka kidogo kuliko anayejirudisha ndani ya tukio. Kiingereza kinahitaji kubadilisha maneno mengi hapa, lakini kwetu kazi karibu yote inafanywa na viambishi. "Nilituma pesa, akanidanganya" inakuwa "alituma pesa, akamdanganya". Shida ni kwamba ukiandika hivyo hujui tena nani alimdanganya nani, basi tumia jina lako au cheo cha ukoo: "Dada alituma pesa. Kaka akatuma picha. Dada hakuomba video."

Angalia hiyo sentensi ya tatu. Siku ya kwanza haikuwepo. Haihamishi kosa, maana aliyedanganya ni kaka. Inaonyesha tu kitu ambacho anayesimama katikati ya moto hakioni: kwamba palikuwa na mahali pa kuuliza, na kwamba kutokuuliza kulikuwa na sababu zake, pengine heshima kwa mkubwa, pengine woga wa jibu. Sentensi za namna hii zikianza kutokea, kazi inaenda.

Siku ya tatu ndiyo ngumu. Weka viti viwili vinavyotazamana, au vigoda. Keti kwenye chako, useme kwa sauti ndogo unachomdai, dakika tano. Hama, keti kwenye chake, ujibu ukiwa yeye, kwa "mimi" yake, dakika tano. Kisha andika kile kiti cha pili kilichosema. Mwanasaikolojia Everett Worthington wa Virginia, Marekani, hutumia viti hivi katika mpango wake wa msamaha wenye hatua tano: kukumbuka jeraha, kumwelewa aliyejeruhi, kutoa msamaha kama zawadi, kujifunga kwa ahadi, na kuishikilia ahadi hiyo. Kijitabu cha mpango huo, cha saa tatu hivi za kujifanyia mwenyewe, kilijaribiwa kwa watu 4,598 katika nchi tano, Afrika Kusini na Indonesia zikiwemo, na kikapunguza kinyongo pamoja na dalili za sonona na wasiwasi.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Kiti cha pili kinasema, "Ndiyo, mimi ni mwizi, nilikuonea wivu, nisamehe." Huyo si kaka, huyo ni wewe umevaa kanzu yake. Kaka halisi angejitetea. Angesema pesa ya kwanza ilimlipia mtoto ada, akadhani ataifidia mwezi ujao, mwezi ujao ukaja na lake, na picha ya kwanza ya uongo ikahitaji ya pili. Kiti kisipojitetea hata kwa jambo moja ambalo lingekukera kwa kuwa lina chembe ya ukweli, hujahama. Rudi ukakae tena. Na kuelewa namna alivyofika pale si kusema alifanya sawa.

Siku ya nne andika kama mtu wa miaka kumi ijayo, au kama jirani aliyeona yote kutoka kibarazani pake. Malizia kwa sentensi mbili zenye tarehe: unachoachilia, na usichoachilia. "Leo naachilia kumgombeza kaka kichwani. Siachilii milioni 13 wala kiwanja." Kurasa za siku tatu za kwanza chana au choma, hasa kama nyumbani kuna wasomaji. Ukurasa wa nne hifadhi. Kama umeandika barua ya kumpelekea, ikae wiki moja kabla ya kuamua.

Usipime namba siku hiyohiyo. Pima baada ya wiki mbili. Kutoka 8 hadi 5 ni mafanikio makubwa, na anayetangaza amefika 0 simwamini sana.

Inapokwama

Kabla ya kuchana kurasa, pigia mstari sentensi zinazojirudia. Kama za siku ya tatu ni zilezile za siku ya kwanza, hasa zinazoanza na "kwa nini mimi", unazunguka kinu. Funga daftari, kaa wiki mbili, halafu rudi na swali "ilikuwaje" mahali pa "kwa nini". Pennebaker alipochambua maandishi ya watu aligundua waliopata nafuu walikuwa wakiongeza maneno ya kuunganisha sababu na ya kutambua kadiri siku zilivyokwenda. Kwa Kiswahili tafuta "kwa sababu", "kumbe", "sasa naona". Mimi naithamini "kumbe" kuliko zote. Ni neno la mtu ambaye mahali alipokuwa amesimama pamebadilika hivi sasa.

Kosa jingine ni kuandika mapema mno. Jeraha la wiki hii liache kwanza lipoe, wiki kadhaa angalau. Na ukihisi kwamba ukiliandika jambo fulani utapasuka, usiliandike, chagua lililo dogo. Ndoto za kutisha au tukio kukurudia kama linatokea sasa, zikiendelea zaidi ya mwezi, ni kazi ya mtaalamu wa afya ya akili hospitali, si ya daftari.

Pia mbinu hii si ya dhuluma inayoendelea. Anayepigwa nyumbani hahitaji kukaa kwenye kiti cha anayempiga. Anahitaji usalama kwanza. Tanzania vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na Kenya namba 1195 inapokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo. Viti vije baadaye, au visije kabisa.

Mwisho, kumbukumbu itarudi. Utasikia sauti yake kwenye simu ya mama na tumbo litakaza. Wengi hapo hukata tamaa wakisema kumbe hawakusamehe. Kidole kilichoungua kikikwepa jiko si kinyongo, ni kumbukumbu ya mwili. Soma ukurasa wa nne, soma tarehe, endelea na ulilokuwa ukifanya.

Kwa dada wa mfano wetu, mtihani ni Idi, ambapo kaka atakuwepo. Aandae mapema sentensi tatu, asizitunge akiwa mlangoni: salamu, swali kuhusu watoto, na moja ya kufunga mlango wa kesi, "Lile la kiwanja tutalizungumza Jumamosi, mbele ya baba mkubwa." Kaka akilianzisha sebuleni, airudie hiyo ya tatu kama ilivyo, bila kuongeza neno. Jumamosi aende na karatasi ya fundi iliyokadiria msingi milioni 5, risiti za miezi 36, na pendekezo la kiasi kitakacholipwa kila mwezi. Daftari abaki nalo chumbani.