Je, wajua kwa nini kikombe cha chai ya maziwa huahirisha operesheni ya goti?

Mgonjwa wa goti amelazwa, na ratiba inasema ataingia thieta saa nne asubuhi. Saa moja na nusu ndugu yake anafika na chupa ya chai ya maziwa: "Kunywa kikombe kimoja tu, usife njaa." Baadaye mtaalamu wa usingizi anapita na swali lake la kila siku, "Umekula au kunywa nini tangu jana?" Chai inatajwa, na operesheni inasogezwa hadi alasiri au kesho yake. Ndugu wanang'aka: goti na tumbo wapi na wapi?

Kinachoogopwa hapo ni mapafu.

Mtu aliye macho akipaliwa na maji hukohoa mpaka yatoke. Nusu kaputi huondoa kikohozi hicho. Hulegeza pia msuli wa mviringo unaofunga mlango wa juu wa mfuko wa chakula, kwa hiyo kilichomo kinaweza kupanda hadi kooni taratibu, bila hata kutapika, kisha kikateremka kwenye njia ya hewa. Vipande vikiwa vikubwa vinaziba. Kikiwa kimiminika, tindikali ya tumbo inaunguza mapafu kwa ndani. Yanavimba, yanajaa maji, na mgonjwa wa goti anaishia chumba cha wagonjwa mahututi.

Aliyeeleza jambo hili kwa ushahidi ni Curtis Mendelson, daktari wa uzazi wa New York, mwaka 1946. Alipitia rekodi za wajawazito 44,016 akakuta 66 walioingiwa mapafuni na vitu vya tumboni wakati wa usingizi wa dawa. Wawili walikufa kwa kuzibwa na chakula. Kisha akajaribu kwa sungura: kimiminika chenye tindikali kiliharibu mapafu yao vibaya, na kilipoondolewa ukali madhara yakapungua sana. Ndipo kukaa na njaa kabla ya operesheni kukawa sheria.

Sasa turudi kwenye chai. Maji yakifika tumboni hayakai. Nusu yake hushuka kwenye utumbo mwembamba ndani ya dakika 20 hivi. Maziwa hayafanyi hivyo. Yakikutana na tindikali yanaganda, yanakuwa mabonge kama ya mtindi, na tumbo linayashughulikia kama chakula. Ndiyo maana chai ya maziwa huhesabiwa pamoja na ugali, wakati chai ya rangi huhesabiwa pamoja na maji.

Saa zinazotumika sehemu nyingi ni hizi. Chakula chepesi, uji, maziwa ya ng'ombe na ya kopo: saa 6 kabla. Maziwa ya mama kwa mtoto: saa 4. Pilau, chipsi, nyama ya kukaanga na chochote chenye mafuta mengi: saa 8, kwa sababu mafuta huchelewesha tumbo kujimwaga. Maji, chai ya rangi au kahawa isiyo na maziwa, juisi iliyochujwa ikawa angavu: saa 2, na kwa watoto miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022 imeshusha hadi saa 1. Ukibabaika, mimina kinywaji kwenye glasi na uweke gazeti nyuma yake. Maandishi yakisomeka, ni cha angavu. Juisi ya embe haipiti mtihani huo. Supu hata ikipita ina mafuta, iache.

Kwa hiyo anayetaka kula "daku" saa kumi alfajiri ili aingie thieta saa nne anaweza kupata mkate mkavu na chai ya rangi. Chapati ya mafuta itamkwamisha.

Kosa la upande wa pili ni kubwa vilevile, na halisemwi vya kutosha. Wodi nzima huambiwa isile wala kunywa kuanzia saa sita usiku, kisha wa mwisho kwenye orodha anaingia saa tisa alasiri: saa 15 bila tone la maji. Anafika na kiu, kichwa kinauma, mishipa imesinyaa hadi dripu inasumbua kuingia, na presha hushuka kwa urahisi dawa ya usingizi inapoanza. Muulize nesi maswali mawili jioni ile: mimi ni wa ngapi, na maji mwisho saa ngapi?

Kufunga nako hakumhakikishii kila mtu tumbo tupu. Maumivu makali, ujauzito, kisukari cha muda mrefu na dawa kali za maumivu kama mofini hulifanya tumbo lizembee. Aliyepata ajali baada ya chakula cha mchana anaweza kuwa nacho bado usiku. Operesheni yake ya dharura haingoji. Mtaalamu humlaza na kumwingiza mpira wa kupumulia haraka sana. Brian Sellick wa London alipendekeza mwaka 1961 msaidizi abonyeze gegedu la pete, yaani pete ngumu ya njia ya hewa shingoni, ili njia ya chakula iliyo nyuma yake ibanwe. Wataalamu bado wanabishana kama inasaidia. Na anayechomwa sindano ya mgongo naye anafunga, kwa kuwa ganzi ikigoma atahamishiwa nusu kaputi palepale.

Dawa usiziache kwa sababu tu umefunga. Nyingi za presha humezwa na maji kidogo asubuhi ileile, ila baadhi husimamishwa, na insulini hupunguzwa. Zitaje kwa majina, za mitishamba zikiwemo. Usijinyoe kwa wembe nyumbani: michubuko midogo hukaribisha vijidudu, na Shirika la Afya Duniani linataka nywele ziachwe au zikatwe kwa mashine tu. Rangi ya kucha ifutwe. Bibi harusi mwenye piko vidoleni aseme mapema, maana kifaa kinachobana kidole hupima oksijeni kwa kupitisha mwanga, na weusi wa piko unaweza kuuzuia. Kitabanwa kwenye ndewe ya sikio.

Baada ya operesheni ya tumbo swali hugeuka: "Umeshajamba?" Wagonjwa hucheka, lakini nesi hatanii. Utumbo ukiguswa husimama kufanya kazi. Ule mwembamba huamka ndani ya siku moja hivi, mfuko wa chakula siku moja au mbili, na utumbo mpana hadi siku ya tatu, kwa hiyo hewa ikitoka chini ujue wa mwisho ameamka. Zamani hukupewa kitu hadi hapo. Siku hizi waliojifungua kwa upasuaji wengi huanza kunywa na kula mapema, wakitembea wodini huku wameshika mto juu ya mshono ili wakikohoa usivute. Tumbo likivimba, likawa gumu na kutapika kukaanza, simamisha chakula na umwite nesi.

Na jojo, ambayo huruhusiwi kuingia nayo thieta, hospitali nyingine huitoa baada ya upasuaji wa uzazi. Kutafuna huudanganya utumbo kwamba chakula kinakuja, nao unaanza kusukuma.