Skima ya hifadhidata ni nini, na kwa nini huitangulia seva

Skima ni ramani ya hifadhidata. Inaonyesha majedwali yaliyomo, safuwima za kila jedwali, aina ya data inayokubaliwa, na funguo zinazounganisha jedwali moja na jingine. Wazo la kupanga data hivi lilitolewa na Edgar F. Codd wa IBM mwaka 1970. Kwa hifadhidata ndogo, maelezo hayo yanatosha. Jedwali likifika safumlalo bilioni 1, skima inageuka kuwa hesabu ya diski na RAM (sehemu ya kompyuta inayoshika data inayotumika sasa hivi).

Tutazame ufunguo msingi, yaani ule unaotambulisha kila safumlalo. Ukiwa namba kamili ya aina kubwa, unachukua baiti 8. Ukiwa UUID (kitambulisho kirefu cha kipekee) iliyohifadhiwa kama maandishi, ni herufi 36, yaani baiti 36. Tofauti ni baiti 28 tu, lakini zidisha kwa bilioni: gigabaiti 28. Na hapo bado. Kwenye programu ya hifadhidata ya MySQL, injini ya kuhifadhi data iitwayo InnoDB hunakili ufunguo msingi ndani ya kila faharasa ya ziada (orodha ya kutafutia data haraka). Jedwali likiwa na faharasa nne za namna hiyo, zinaongezeka gigabaiti 112. Jumla 140, na hujahifadhi taarifa hata moja mpya! PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, ina aina maalumu ya data kwa ajili ya UUID, inayochukua baiti 16. Itumie hiyo kama UUID huwezi kuiepuka.

Diski kuongeza si kazi. Penye uzito ni RAM. Hifadhidata husoma diski kwa kurasa: kwa kawaida kilobaiti 8 kwenye PostgreSQL, 16 kwenye InnoDB. Safumlalo zikiwa nyembamba, ukurasa mmoja hubeba nyingi, na RAM ileile hutosha data zaidi. Kusoma kutoka RAM huchukua takriban nanosekunde 100, ilhali diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa. SSD, diski isiyozunguka, iko katikati. Si lazima data yote ienee kwenye RAM. Muhimu ni faharasa na zile safumlalo zinazoguswa kila mara. Kumbukumbu za miaka ya nyuma zinaweza kulala diskini.

Lakini usibane kupita kiasi. Namba kamili ya baiti 4 yenye alama (inayoweza kuwa chanya au hasi) huishia 2,147,483,647. Jedwali la matukio linaweza kuufikia ukomo huo, na kubadilisha aina ya safuwima wakati huo mara nyingi humaanisha kuliandika upya jedwali zima huku watumiaji wakisubiri. Kwa jedwali linalokua kila siku, mimi huweka baiti 8 tangu mwanzo.

Kabla ya kuagiza seva, jaza jedwali la majaribio kwa safumlalo milioni 10 za kubuni zinazofanana na data halisi. Pima ukubwa wake pamoja na faharasa zote, kisha zidisha hadi idadi unayoitarajia baada ya miaka mitatu. Ongeza na nafasi ya kujengea faharasa upya, kwa sababu faharasa mpya huhitaji mahali pa kukaa kabla ya ile ya zamani kufutwa.