Tamvua za kikoi: yanayosemwa kuhusu tamasha la Fringe, na yalivyo

Kila ikikaribia Agosti, simu yangu hujaa maswali yale yale. Ninaishi Edmonton, magharibi mwa Kanada, na huu ni mwaka wa sita najitolea kwenye tamasha la maigizo la Fringe. Wanaoniuliza ni watu wetu: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi. Wengi huuliza huku wameshajijibu kwamba lile si jambo letu, ni la wenyewe wanaojua mambo ya tamthilia. Linaniuma, kwa sababu katika sherehe zote za mji huu sijaona ambayo mlango wake uko wazi kuliko huo. Basi nayaandika yale ninayoyasikia sana, na jinsi mambo yalivyo.

"Ni michezo ya waliokataliwa kwingine"

Fringe kwa Kiswahili ni tamvua, zile nyuzi zinazoning'inia mwisho wa kikoi. Jina lilitoka Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1947, vita vimekwisha, mji ule ulianzisha tamasha kubwa la kimataifa la sanaa. Vikundi vinane vya maigizo ambavyo havikualikwa vikaenda hivyo hivyo, vikajitafutia kumbi na kucheza. Mwaka uliofuata mwandishi wa Kiskoti, Robert Kemp, aliandika gazetini kuhusu michezo hiyo iliyokaa pindoni mwa tamasha rasmi, na jina likashika. Mwaka 2019 tamvua zile za Edinburgh zilikuwa na maonyesho 3,841 na zilitoa tiketi zaidi ya milioni tatu.

Huku kwetu Edmonton lilianza mwaka 1982, likiongozwa na Brian Paisley, na ndilo la kwanza la aina yake Amerika Kaskazini. Winnipeg wakafuata mwaka 1988, Toronto mwaka 1989. Hiyo ya Toronto naitaja kwa sababu. Mwaka 2011 Ins Choi, mtoto wa wahamiaji kutoka Korea, alipeleka pale mchezo unaoitwa Kim's Convenience, kuhusu familia ya Kikorea na duka lao la mtaani. Baadaye ukawa tamthilia ya televisheni iliyozunguka dunia nzima. Baba muuza duka, mama wa kanisani, watoto wasiotaka kurithi duka: hadithi hiyo tunaijua, ina kwao hata Kariakoo na Eastleigh. Ilianzia kwenye ukumbi wa Fringe.

"Kuna kamati inayochagua michezo mizuri"

Hakuna. Hapa ndipo watu wengi, hata waliozaliwa Kanada, hukosea. Kumbi zinazosimamiwa na tamasha lenyewe hugawiwa kwa bahati nasibu: unajaza fomu, unalipa ada, jina linaingia na mengine, linatoka au halitoki. Asiyebahatika, au asiyetaka kusubiri bahati, anaweza kutafuta mahali pake mwenyewe, iwe chumba cha chini cha kanisa au nyuma ya baa, na akaingizwa kwenye ratiba. Waandaaji hawasomi maandishi ya mchezo wako wala hawakwambii upunguze nini.

Kwa mtazamaji maana yake ni hii: utaona mchezo utakaokutoa machozi, na utaona mwingine ambao hutajua ulihusu nini. Vyote viwili vimeandikwa kwenye kijitabu kimoja kwa herufi zile zile. Mimi huwa nachagua kwa kuuliza foleni. Simama kwenye mstari wa mchezo wowote, mwambie uliye naye karibu, "Umeona nini kizuri?" Watu wa Edmonton ni wapole lakini wakimya, na swali hilo ndilo linalowafungua midomo. Nimepata hivyo michezo ambayo hakuna gazeti lililoitaja.

Na kwa kuwa hakuna anayechuja, mzazi asome maelezo. Kila mchezo huandikiwa umri unaofaa na onyo kama kuna matusi, uchi au ukatili. Ile ya watoto ipo, na imetengwa vizuri. Nimewahi kumwona baba ameketi na binti zake wawili mbele kabisa, mchezo ukaanza, na ndani ya dakika tano akawa anawatoa amewafunika masikio. Onyo lilikuwepo ukurasani tangu mwanzo.

"Nikichelewa kidogo wataniruhusu"

Hapa nitakaa, maana ndipo watu wetu wanapoumia zaidi.

Mwaka wangu wa pili niliwekwa mlangoni kwenye ukumbi mdogo wa viti visivyofika mia. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu tiketi, kuhesabu vichwa, kumpa ishara fundi wa taa, kisha kufunga. Nilifunga. Dakika mbili hazijapita, akaja mama mmoja wa Kikongo na watoto watatu, anahema, kitenge kimelowa mvua kidogo begani. Tiketi nne mkononi, amezilipia. Aliposikia lafudhi yangu nikimwambia pole kwa Kiingereza, akageuza lugha.

"Mwanangu, nifungulie. Ni dakika mbili tu. Basi ndilo limechelewa."

"Mama, nisamehe sana. Mlango ukishafungwa haufunguliwi."

"Hata kwa watoto?"

"Hata kwa watoto, mama."

Alinitazama kwa muda mrefu. Aliona binti wa kwao amekuwa mkali kuliko Wazungu, na sikuwa na namna ya kumwonyesha kilichokuwa nyuma ya ule mlango. Nyuma yake kulikuwa na giza totoro na mwigizaji mmoja aliyesimama hatua tatu kutoka kizingitini. Katika kumbi nyingi za Fringe, mlango wa kuingilia unapitia ubavuni mwa jukwaa. Ukifungua, mwanga wa nje unampiga mwigizaji usoni, na watu themanini wanageuka kukutazama wewe. Mchezo wenyewe ni kama saa moja tu, na ukiisha kikundi hicho kinakunja vyombo vyake haraka haraka kumpisha mwingine anayesubiri nje na mabegi. Dakika tano za kuchelewa zikiruhusiwa asubuhi, kufika usiku ratiba ya ukumbi mzima imeshavurugika.

Nilitoka naye nje zamu yangu ilipopoa, nikamweleza haya yote tukiwa tumesimama chini ya upenu wa paa. Watoto nikawapeleka kuona wasanii wa mtaani. Kesho yake alirudi kwa mchezo mwingine, amewahi kwa dakika ishirini na tano, na akawa anawaharakisha wengine kwenye foleni: "Ingieni, ingieni, huyu akifunga amefunga."

Kwa hiyo ratiba yako ipange ukijua hilo. Kumbi zimetawanyika mtaa wa Old Strathcona na kandokando yake. Kati ya mchezo mmoja na mwingine jiachie nusu saa angalau, zaidi kama kuna kutembea. Wapo wanaosema wataona mitano kwa siku. Inawezekana, lakini mimi nikizidisha mitatu, wa nne siukumbuki vizuri.

"Ya mtaani ni bure"

Kuingia kwenye uwanja wa tamasha ni bure, kweli. Unaweza kushinda pale mchana kutwa, ukala chapati za Kichina za vitunguu majani, ambazo kwa Edmonton ni chakula cha sherehe kama vile mahamri yalivyo cha asubuhi Mombasa, na hakuna atakayekudai tiketi. Lakini yule anayepanda ngazi isiyoegemezwa popote huku anarusha visu halipwi mshahara na tamasha. Kofia inayozungushwa mwishoni ndiyo ujira wake wote. Watu huona kofia inakuja, wakaanza kujiondoa kana kwamba wamekumbuka jambo. Ukiwa umesimama mpaka mwisho, umecheka na watoto wako wamepiga makofi, weka chochote.

Kuhusu michezo ya ndani, kuna dhana kinyume chake: kwamba pesa ya tiketi inaliwa na waandaaji. Katika matamasha ya Fringe ya Kanada, bei anayoiweka msanii kwa mchezo wake inarudi kwake yote. Tamasha huongeza ada yake juu, na hiyo ndiyo inayobaki kwao. Huo ni mmoja wa misingi inayoyaunganisha matamasha haya Kanada nzima, pamoja na ile ya kutochuja michezo. Edinburgh ni habari nyingine. Kule msanii anakodi ukumbi, analipia malazi ya Agosti katika mji uliofurika, na wengi hurudi makwao na deni. Mtu akikwambia "Fringe ni Fringe," mwulize ipi.

"Kujitolea ni kutumikishwa bure"

Sisi watu wa pwani tunaijua shughuli ya harusi. Kuna anayemenya vitunguu tangu alfajiri, kuna anayepanga viti, kuna anayesimama mlangoni kuwapokea wageni, na hakuna anayeuliza atalipwa ngapi kwa sababu shughuli ni ya wote. Bara wana harambee, kwingine msaragambo. Fringe inaendeshwa na mamia ya watu wa namna hiyo: wa milangoni, wa tiketi, wa eneo la watoto, wa kupokea wasanii, wa kutenganisha taka. Unapewa fulana, mafunzo mafupi, na kwa zamu ulizofanya unapata tiketi za kuona michezo.

Ila nisikudanganye kuhusu hiyo michezo. Wengi hujiandikisha wakidhani ukiwa mlangoni unaona kila kitu bure. Ukiwa zamu, uko kazini. Utakaa ndani kama kuna kiti kimebaki, tena kile cha mwisho karibu na mlango, jicho moja kwa mwigizaji na jingine kwa bibi anayetaka kwenda msalani gizani. Taa zikiwaka unaokota vijitabu na chupa chini ya viti kabla kundi linalofuata halijaingia. Michezo utaiona kwa raha siku usizo na zamu, kwa zile tiketi ulizozichuma.

Lipo lingine linalorudiwa sana miongoni mwa wageni wapya, nalo ni zito: kwamba saa za kujitolea zinahesabiwa kwenye maombi ya ukaazi wa kudumu. Hapana. Katika mfumo wa Express Entry, ambao Kanada huutumia kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, uzoefu wa kazi unaohesabiwa ni wa kazi iliyolipwa. Mtu asije akatoa majira yake yote ya joto kwa matumaini hayo. Kinachopatikana ni cha aina nyingine: msimamizi wa zamu anayekujua kwa jina, anayeweza kukuandikia barua ya kukusifu unapoomba kazi, na mazoea ya kuongea na watu usiowajua. Dada mmoja ninayemfahamu alikaa mwaka mzima hapa bila kuongea na jirani. Baada ya siku kumi na moja za kusema "Tiketi zenu tafadhali, viti vya mbele vipo," alianza kuwapigia simu waajiri mwenyewe.

Na Kiingereza? Kikiwa cha kuokoteza, mwombe msimamizi akuweke kwenye usafi wa eneo au kupanga viti kwanza. Umri si kizuizi pia. Kwenye timu yangu yupo mzee aliyestaafu udereva, na wote tunamtegemea kwa foleni ngumu. Wengine huogopa watalazimishwa kuuza bia. Hulazimishwi. Unachagua timu unapojiandikisha, na hata anayetaka kuhudumia pombe Alberta sharti awe na cheti chake.

Chukua sweta. Mchana wa Agosti hapa ni jua kali na linazama karibu saa tatu usiku, ila likishazama baridi huingia ghafla, nawe umesimama nje na zamu haijaisha.

"Kwa Kiswahili hawawezi kukubali"

Swali hili niliulizwa na yule mama wa dakika mbili, mwaka uliofuata. Tumekuwa watu wa kutembeleana. Anasimulia hadithi za Bukavu kwa namna ambayo chumba kizima hunyamaza, na jioni moja akiwa anasonga ugali akaniuliza kama mtu anaweza kupanda kwenye majukwaa yale akaongea lugha yake. Nilimjibu kama nilivyoandika hapo juu: hakuna anayesoma maandishi, hakuna anayechuja, wanachotoa ni jina kwenye kapu.

Tukajaza fomu pamoja mezani kwake, ada tukachanga nusu kwa nusu. Jina letu halikutoka. Sasa tumezungumza na kanisa lake, wana chumba cha chini chenye viti hamsini na mlango unaofungukia nyuma, mbali na jukwaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuangalia kwanza.