Anayejua boriti kwa kiganja asianzishwe sifuri

Vijana wa Mikindani na Tudor, hapa Mombasa, huwaoni haba kwenye vibarua vya kupanda mikoko. Kwenye ajira za uafisa misitu ndiko wanakoadimika. Wengi hulaumu ada, na kweli ada inauma. Chuo cha Misitu cha Londiani, kilichoanzishwa 1957, kiko karibu kilomita 700 kutoka hapa, kule nyanda za juu kwenye baridi na mashamba ya misonobari. Lakini mimi ninayefundisha upimaji wa misitu naona tatizo jingine: tunampokea mwenyeji kama mtu asiyejua kitu.

Chukua kijana aliyelelewa na mkata mikoko. Anashika shina kwa kiganja na kukwambia hii pau, ile boriti, ile kule nguzo. Weka kipimo: boriti huanzia takriban sentimita 8, nguzo 14 hivi. Mara nyingi hakosei. Hayo ndiyo madaraja ya kipenyo yanayofundishwa darasani, ila yeye hajawahi kuyaandika. Basi naanzia hapo. Tunapiga kamba ploti ya mita 10 kwa 10, anahesabu kwa majina yake mwenyewe, kisha tunageuza kuwa sentimita. Akipata miti 32, anazidisha kwa 100, hekta ina 3,200. Hesabu iliyomkimbiza shuleni inaingia bila vita.

Kuna pahali ananishinda. Kanuni ya kawaida ni kupima shina mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko wenye mizizi iliyopanda juu ya hapo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho. Mgeni hubabaika asijue mzizi unaishia wapi. Mwenyeji anaweka mkono moja kwa moja.

Kwa vijana wa Rabai hali ni tofauti kidogo. Kaya za Mijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zimo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008, na mtoto wa pale hukua akijua mpaka, njia inayoruhusiwa na mti usioguswa. Ila hapo taratibu: si kila ajualo mzee ni somo la darasani, na kuna sehemu huingii na GPS mpaka wazee waseme ndiyo.

Ajira zipo. Gazi, kusini mwa hapa, mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni, yaani hulipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko, tangu 2013 kutokana na hekta 117, na fedha zimeingia kwenye maji na shule. Nao ibara ya 56 ya Katiba ya 2010 inataka jamii zilizotengwa zipewe nafasi maalumu za elimu na kazi. Mimi ningeanza na nauli, gambuti na posho ya mafunzo kazini, kabla ya kujenga jengo lolote.

Mradi ukija kwenu na pesa za kupanda, ulizeni kabla ya kutia sahihi: mwakani nani atapima miche iliyopona, na atalipwa kama nani, kibarua au fundi?