Maana ya ofseti ya kisu katika mashine ya kukereza

Ofseti ya kisu ni kipimo kinachohifadhiwa katika kompyuta ya mashine ya kukereza ili mashine ijue ncha ya kisu iko wapi. Visu hutofautiana kwa urefu na umbo, na programu haiwezi kuliona hilo yenyewe.

Ili kuipata ofseti ya kipenyo, fundi hukwangua kipande kidogo tu, hukirudisha kisu kwa mhimili wa Z (unaofuata urefu wa chuma) bila kuusogeza mhimili wa X (unaofuata kipenyo chake), husimamisha mashine, hupima kipenyo kwa maikromita, kisha huingiza kipimo hicho katika ukurasa wa ofseti. Kwa urefu hugusisha kisu kwenye uso wa mbele na kuuita sifuri. Katika mitambo mingi amri T0303 huita kisu cha tatu pamoja na ofseti ya tatu. Anayeandika T0305 kwa bahati mbaya atakiendesha kisu cha tatu kwa vipimo vya kisu cha tano, na hapo kisu chaweza kugonga taya zinazoshika chuma.

Vipimo hivyo vya mwanzo huitwa ofseti ya umbo. Kando yake kuna ofseti ya uchakavu, na hii ndiyo inayopaswa kuguswa kazi ikishaanza. Tuseme karakana ya Kisumu inachonga shafti ya milimita 60.00 kwa ajili ya kiwanda cha sukari upande wa Muhoroni, na ya kwanza inatoka 60.04. Fundi ataongeza −0.04 kwenye X ya uchakavu, yote na si nusu yake, kwa kuwa mashine nyingi huhesabu X kwa kipenyo. Shafti inayofuata ikitoka 60.02, −0.02 hujumlishwa na iliyokuwapo, jumla iwe −0.06; akiiandika hiyo −0.02 peke yake mahali pa −0.04 ya zamani, shafti itazidi kunenepa. Kisu kipya kikifungwa, uchakavu hurudishwa sifuri.

Nasisitiza jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulipuuza: usirekebishe ofseti kwa kipimo cha chuma cha moto. Shafti ya milimita 100 iliyo moto kwa nyuzi 30 zaidi ya hewa ya karakana huwa nene kwa takriban milimita 0.035. Ukiipunguza kwa kiasi hicho, kesho asubuhi itakuwa nyembamba, na chuma kilichokwisha kukatwa hakirudishiki.